Kioo Kikubwa Kinataka Ukuta, Si Msumari



Siku hizi chumba cha bibi harusi hakikamiliki bila kioo kikubwa cha kujiona kuanzia ushungi mpaka viatu. Hatuna ugomvi na kioo. Mke kujipamba kwa ajili ya mumewe ni jambo jema, na kioo kilichonunuliwa kwa mahari yake ni mali yake halali. Ugomvi wetu ni na ule msumari mmoja kinaotundikiwa.

Tufanye hesabu. Kioo cha unene wa milimita 5 kina uzito wa kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Chenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 80 kinafika kilo 18, fremu bado. Hiyo ni karibu sawa na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Nani kati yetu angeitundika ndoo hiyo kwa msumari mmoja, chini yake amelala mtoto?

Mabinti zetu wanaoolewa Bara, tuseme Misungwi kule Mwanza, wana jambo jingine la kuangalia. Huko utakuta nyumba za matofali ya kuchoma, na nyingine matofali yake yameshikanishwa kwa udongo badala ya saruji, kisha zikapigwa plasta na rangi nzuri. Plasta inapendeza, lakini haibebi mzigo. Msumari ukiangukia kwenye kiungo cha udongo hushika leo, kesho ukalegea. Na tusisahau kwamba ng'ambo ya ziwa, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi mkoani Kagera.

Rai yetu ni hii: pesa ya fundi itengwe siku ile ile ya kununua kioo. Fundi agonge ukuta kwanza asikilize wapi pana utupu. Atoboe kwa drili katikati ya tofali, si kwenye kiungo, aingize plagi za plastiki ndipo akaze skrubu. Kioo kishikwe sehemu mbili au zaidi, na chini kiwe na kitu cha kukikalia. Asitoboe juu wala chini ya soketi au swichi, maana nyaya hupita humo. Na kisiwekwe juu ya kitanda.

Ukuta ukiwa dhaifu, kioo kisitundikwe. Kisimame sakafuni, na juu kifungwe ukutani kisije kikamwangukia mtoto anayejifunza kusimama. Ukuta usipoweza hata hilo, nunua kioo kidogo. Si aibu.

Kama mmepanga, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Ukuta ule ni amana. Na fundi akija, mume au maharimu wako awepo.

Wapo watakaosema, "Tumemwachia Allah." Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kioo nacho kifungwe kwanza. Kisha simama mbele yake kwa utulivu, umwombe Mola aipendezeshe tabia yako kama alivyolipendezesha umbo lako.