Unautaka mshahara wa hejifandi? Anza na dadu

Umeziona zile video za mishahara ya wahandisi wa programu katika hejifandi za New York, Chicago na London. Unageuza dola kuwa shilingi, unashika kichwa. Kesho yake unajiandikisha kwa kozi ya lugha ya sita ya programu. Hapo ndipo tunapotea, ndugu yangu.

Hejifandi, kwa lugha rahisi, ni hazina inayochukua pesa za matajiri, mashirika ya pensheni na hata vyuo vikuu, kisha inazizungusha sokoni: hisa, sarafu, mafuta, chochote chenye bei. Nyingine zinategemea hesabu na kompyuta tupu. Renaissance Technologies, kwa mfano, ilianzishwa mwaka wa 1982 na Jim Simons, mtaalamu wa hisabati aliyewahi kufundisha chuo kikuu. Mwaka wa 1993 iliwachukua Peter Brown na Robert Mercer kutoka IBM, ambako walikuwa wakifunza kompyuta kutambua maneno ya binadamu. Hawakuwa watu wa hisa. Simons alipostaafu, hao wawili ndio walioachiwa usukani.

Sasa ukiitwa intavyuu, jiandae kwa swali kama hili: narusha dadu, nakulipa shilingi sawa na namba itakayotokea. Utalipa ngapi ili ucheze? Jumlisha 1 hadi 6, gawanya kwa 6, unapata 3.5. Ukilipa zaidi ya hapo, mchezo ukirudiwa sana, utaliwa tu. Kisha anakuongezea: je, nikikuruhusu kurusha tena mara moja kama hujaipenda namba ya kwanza? Sasa thamani inapanda hadi 4.25, kwa sababu ukipata 4, 5 au 6 unatulia nayo, ukipata chini ya hapo unarusha tena.

Jibu lenyewe si siri. Anachosikiliza ni jinsi unavyolifikia, kwa sauti, hatua kwa hatua, na jinsi unavyojirekebisha ukiteleza.

Mbona wakali hivyo? Kumbuka Knight Capital ya Marekani. Haikuwa hejifandi, ilikuwa kampuni ya kununua na kuuza hisa, lakini wahandisi wake walifanya kazi ya aina hiyohiyo. Tarehe 1 Agosti 2012, programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Programu kuukuu iliyobaki humo ikaamka na kuanza kununua na kuuza ovyo. Kwa dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 440 ziliyeyuka. Kabla ya mwaka kuisha, kampuni ilikuwa imekubali kununuliwa na nyingine.

Kwa hivyo ule mshahara ni bei ya umakini. Na una masharti: ukiacha kazi, mkataba unaweza kukuzuia kufanya kazi kwa mshindani kwa miezi kadhaa.

Mimi niliacha chuo, lakini sitakudanganya kwamba karatasi haina maana. Nyingi ya kampuni hizi huanza kutafuta watu kwenye vyuo vikubwa. Ninachosema ni kwamba unaweza kuacha chuo, ila hesabu huwezi kuikwepa. Wanaotuuzia kozi za wiki chache na vyeti vya kupendeza wangetuambia hivyo kabla ya kupokea ada yetu.

Hata usipokanyaga New York, hesabu ile ya dadu ni yako. Ukiielewa vizuri, utajua kwa nini kampuni za kamari hapa kwetu zinanawiri huku mabeti yako yakichanika kila wikendi. Wao wameshapiga hesabu ya 3.5, wewe unalipa 4 na kuomba bahati.

Basi kabla ya kulipia kozi nyingine, fufua kitabu chako cha hesabu cha sekondari, fungua mada ya uwezekano, na uanze leo. Hiyo haina ada.