Mwili wa Mtoto ni Amana



Mimi ni mwalimu wa chuo, mzaliwa wa Pwani, na kwa miaka mingi sasa nasomesha watoto huku Chita, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Watu wa huku ni wakulima wa mpunga, na reli ya TAZARA ndiyo ituleteayo wageni na khabari. Nililoliona huku nataka kulifikisha majumbani mwenu, kwa sababu linawahusu nyinyi wa Pwani kama linavyotuhusu sisi.

Baada ya mavuno, watoto wetu hurukaruka na kupinduka juu ya marundo ya majani ya mpunga. Binti wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka tisa, huwashinda wote. Siku moja akateremka mgeni katika treni, akamwona, akamwambia baba yake: "Nipe mtoto huyu nimpeleke mjini. Atafunzwa sarakasi na jimnastiki, atacheza katika mahoteli ya Pwani, na baadaye atashindana hata Ulaya." Akatoa simu, akamwonyesha Kaylia Nemour, binti wa Algeria, aliyetwaa dhahabu katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, naye ana miaka 17, kwa kubembea katika fito mbili, moja juu na moja chini. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kwenda katika nchi ya Kiafrika. Baba mtu akaingiwa na tamaa, akanijia kutaka shauri.

Ni ushindi mkubwa, wala sikatai. Lakini simu ile haikuonyesha yote. Binti yule alizaliwa Ufaransa, na huko ndiko alikoanza kucheza. Mwaka 2021, akiwa na miaka 14, alipasuliwa magoti. Pakazuka mzozo juu ya kurudi kwake uwanjani, na mwisho wake akahamia kuichezea Algeria. Magoti ya mtoto wa miaka 14, msomaji! Na huyo ndiye aliyefanikiwa. Je, wale ambao hawakufanikiwa, nani atawapiga picha?

Tazama mambo yalivyoanza. Mwaka 1976, huko Montreal, Nadia Comaneci wa Romania, naye pia ana miaka 14, alipata alama kumi kamili. Hata ubao wa kuonyeshea alama haukuwa umetengenezwa kuandika kumi, ukaandika 1.00. Dunia nzima ikapiga makofi, na walimu wa mchezo wakazidi kutafuta wasichana wadogo, wepesi wa mwili. Mwaka 1981 wakuu wa mchezo huo wakaongeza umri wa kuingia mashindano makubwa ukawa miaka 15, na mwaka 1997 ukawa 16. Lakini umri wa kushindana ulipopanda, umri wa kuanza mazoezi haukupanda. Mtoto bado huanza akiwa na miaka sita au saba, na huko mazoezini ndiko viungo vinakovunjikia.

Elena Mukhina, wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978. Baadaye alivunjika mguu, na kabla haujapona sawasawa akarudishwa mazoezini. Mwezi wa Julai 1980, siku chache kabla ya Olimpiki ya Moscow, alianguka akavunjika shingo. Akalala kitandani hajiwezi miaka 26, mpaka alipofariki mwaka 2006.

Na liko lililo baya kuliko kuvunjika mfupa. Mwezi wa Januari 2018, huko Marekani, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa ushahidi wa uchafu waliofanyiwa na Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki. Alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Wazazi walimwamini kwa kuwa ni daktari, na watoto waliposema, wengi hawakusikizwa. Simone Biles, bingwa wa mabingwa, alikuwa mmoja wa waliodhulumiwa. Mwaka 2021, huko Tokyo, huyo Biles aliona akili yake haiko sawa na mwili wake angani, akajitoa katikati ya mashindano. Alikuwa mtu mzima wa miaka 24, na jina lake linajulikana dunia nzima, ndiyo maana aliweza kusema basi. Mtoto wa miaka tisa wa Chita, aliye mbali na mama yake, atamwambia nani basi?

Huenda mtu akasema: "Sheikh anaharamisha michezo." La, hasha! Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Na hapa Chita tuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana waliomaliza kidato cha sita huja wakakimbia na kutoka jasho, nasi hufurahi kuwaona. Lakini tazama: jeshi lenyewe halichukui mtoto wa miaka tisa. Basi vipi wewe, mzazi, umtoe kwa mgeni usiyejua hata akaapo?

Niliyasema hayo kwa ukali mbele ya baba yule. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Maalim, mwaka juzi ulikuwa ukimwamsha mwanangu wa kiume usiku na kumchapa, ili apate zawadi katika mashindano ya kuhifadhi. Ile zawadi ilikuwa ya mtoto au ya chuo chako?"

Nikanyamaza. Nawaandikia haya kwa sababu sikuwa na jawabu. Maradhi ni yale yale, ila mimi niliyavika kanzu. Mtu mzima anayetaka sifa kwa jasho la mtoto ni dhalimu, awe na kiboko cha chuoni au na filimbi ya uwanjani. Tangu siku ile kiboko changu nimekiweka.

Basi, ewe mzazi, akikujia mtu kumtaka mtoto wako kwa mchezo au kwa masomo, muulize haya. Jioni atalala wapi? Skuli na chuo atasoma lini? Nani atakuwa naye mlango ukifungwa? Akiumia, nani atakayemwangalia, na kwa fedha za nani? Na siku atakayosema "sitaki tena," ataachwa? Akibabaika katika moja tu, mrudishe alikotoka. Na nyinyi mlio karibu na mahoteli, mkimwona mtoto anapinduliwa usiku mbele ya wageni, msipige makofi, ulizeni ni wa nani.

Mgeni aliulizwa, akababaika, akapanda treni peke yake. Binti yupo, asubuhi yuko skuli, alasiri chuoni, na jioni anapinduka juu ya majani kwa kupenda kwake.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzirudisha amana zake zikiwa nzima. Amin.