Keki ya Krismasi Huanzia Chini ya Mwembe

Kila Desemba inapokaribia, akina mama wengi huzunguka madukani wakitafuta matunda makavu ya kutia katika keki ya Krismasi: zabibu, maganda ya machungwa yaliyotiwa sukari, na vile vipande vyekundu na vya kijani ving'aavyo kama shanga. Bei yake si ya mchezo. Na huko Kinakomba, ukingoni mwa Mto Tana, msimu wa maembe unapopamba moto matunda huanguka chini ya miti na kuozea papo hapo, nzi wakiyashangilia. Mambo haya mawili yanahusiana, na ni ajabu kwamba hayazungumzwi pamoja.

Maoni yetu ni kwamba keki ya Krismasi ya watu wa Tana yafaa itengenezwe kwa maembe ya Tana, na kwamba kazi yake ianze mwezi wa Februari, wala si Desemba.

Wako watakaosema keki hii si yetu, ni ya wageni. Ni kweli ilikuja na wageni. Wamisionari wa Kimethodisti walifika Golbanti, na Wajerumani wa Neukirchen wakafungua kituo chao Ngao mwaka 1887. Baadaye, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, upishi ulikuwa miongoni mwa mafunzo yake. Lakini hata huko Uingereza keki hiyo ilikusanywa kutoka kwa watu wengine. Zabibu ndogo nyeusi zilitoka Ugiriki, mdalasini ulitoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na karafuu zilitoka kwetu Unguja na Pemba. Matunda yalikaushwa kwa sababu wakati wa baridi hapakuwa na tunda bichi mtini. Ilikuwa keki ya akiba. Sisi tumeshika orodha ya vitu vya kununua, tukaiacha akiba yenyewe.

Na hakuna mahali panapohitaji akiba kuliko bonde la Tana. Mwembe hauivishi tunda moja leo na jingine kesho kwa kumhurumia mwenye shamba. Huivisha yote kwa mkupuo. Mwenye lori akija, yeye ndiye ataja bei, maana anajua embe halingoji. Asipokuja, ni hasara tupu. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Nino zilipofurisha mto na kukata barabara, wakazi wa bonde hilo walionja tena kero ya kuwa na mali isiyoweza kutoka shambani. Embe lililokaushwa halimwogopi mwenye lori. Litakaa katika chupa mpaka barabara ipitike.

Desemba mara nyingi hewa bado ina unyevu wa vuli, na tunda hushika ukungu kabla halijakauka. Lakini Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na jua kuwaka, maembe bado yako mtini na masika hayajafika. Huo ndio wakati. Chagua ngowe au embe jingine lisilo na nyuzi nyingi, lililoiva lakini bado gumu kidogo. Embe la nyuzinyuzi liachie juisi na achari. Menya, kata vipande vyembamba visivyozidi unene wa kidole kidogo, vichovye katika maji ya ndimu visibadilike rangi, kisha vipange juu ya chekeche au wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Hapa tunatoa onyo: chandarua cha mbu kilichotiwa dawa kisitumiwe kamwe kufunikia chakula, hata kama ndicho kilicho karibu.

Usiku viingizwe ndani, umande usije ukaharibu kazi ya mchana. Baada ya siku mbili tatu za jua kali, kunja kipande: kikikunjika kama ngozi bila kutoa maji, kimekauka. Kilo 10 hivi za maembe hutoa takriban kilo 1 tu, kwa hiyo asitarajie mtu kujaza gunia kwa mwembe mmoja. Tia katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, na uitazame wiki ya kwanza. Ukiona ukungu wa mvuke ndani ya kioo, vitoe uvirudishe juani. Ndizi kisukari zilizoiva nazo hukaushwa vivyo hivyo.

Ama vile vipande vyekundu na vya kijani, huenda wengine wakashangaa: vingi vyake ni papai bichi lililochemshwa katika sukari nzito na kutiwa rangi. Papai! Tunalinunua kwa bei ya kito, na mpapai umesimama nyuma ya jiko.

Mapema Desemba ndipo keki iokwe. Chukua gramu 300 za embe kavu, 100 za ndizi kavu na 200 za zabibu (hatusemi zabibu zipigwe marufuku), katakata, uloweke usiku kucha katika kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Wako wanaoloweka katika pombe kali, nayo hulinda keki kwa muda mrefu. Lakini kandokando ya Tana Wakristo na Waislamu ni jirani kwa jirani, aghalabu ni ndugu wa damu, na sahani ya Krismasi huvuka ua kama ya Idi ivukavyo. Keki ambayo jirani hawezi kuila ina maana gani katika kijiji kama hicho? Chai yatosha.

Saga pamoja gramu 200 za siagi na 200 za sukari ya kahawia mpaka vilainike, ongeza mayai 4 moja moja, kisha gramu 250 za unga wa ngano, mdalasini, iliki, kungumanga kidogo na karafuu tatu zilizotwangwa. Changanya na matunda yaliyochujwa. Asiye na joko asikate tamaa: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu ya mchanga, kifuniko, kisha makaa machache chini na mengine yapaliwe juu. Anayeweza kuoka mkate wa kumimina ataweza. Moto uwe wa pole na saa zisipungue mbili. Moto mkali utaunguza nje na kuacha uji katikati.

Ikipoa kabisa, ifunge kwa karatasi ya kuokea, uitie katika mkebe wa bati. Keki isiyo na pombe, katika joto la Tana, isikae zaidi ya wiki mbili, na asishawishike mtu kuinyunyizia maji ya matunda kila wiki, maana huko ni kukaribisha ukungu. Mkebe uwekwe juu ya kigoda ambacho miguu yake imesimama ndani ya vikopo vya maji, kwa sababu ya sisimizi.

Kuhusu mapambo, tuna neno. Hatuelewi kwa nini keki ya Kinakomba ivikwe theluji ya sukari na kupandwa msonobari wa plastiki. Theluji pekee inayohusika na Mto Tana ni ile ya Mlima Kenya, nayo hufika kwetu ikiwa maji. Tena sukari hiyo nyeupe huchujuka katika hewa ya joto na unyevu. Kwa nini isiwe asali? Ipashe moto kidogo, paka juu ya keki, kisha panga vipande vya embe kavu mfano wa maua, na korosho zilizokaangwa zizunguke ukingoni. Anayependa keki yenye vazi asage korosho na sukari laini, akande kwa asali kidogo, asukume kama chapati na kuifunika.

Vyuo vya ufundi na vikundi vya akina mama vya Tana River vingeweza kufundisha ukaushaji huu bila mtambo wa mamilioni. Wavu, ndimu na chupa vyatosha kuanzia. Msimu mkubwa ukifika, chekeche ziwe zimekwisha kusukwa. Na Krismasi ikifika, keki ikatwe kwa kisu kilichochovywa katika maji ya moto, vipande vyembamba, na sahani ya jirani itangulie.