UCHAMBUZI: AFCON ya Arusha na shabiki wa Tarime, njia ndiyo itakayoamua

Oktoba 2021, Biashara United ya Mara iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi hiyo ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam, sio Musoma. Kilichobaki ilikuwa ni kwenda Libya kulinda ushindi. Timu haikwenda. Safari ilikwama, mchezo wa marudiano haukuchezwa na Wanajeshi wa Mpakani wakatolewa bila kufungwa uwanjani. Msimu uleule wakashuka daraja.

Unaweza kusema hiyo ni hadithi ya klabu moja iliyoishiwa. Lakini mtu wa Mara anajua kuna jambo kubwa zaidi hapo. Mpira wa mkoa huu umekuwa ukikwamishwa na safari kuliko na wapinzani. Sasa tunaelekea AFCON 2027, ambayo Tanzania inaandaa kwa pamoja na Kenya na Uganda, na swali ni lilelile. Shabiki wa Tarime na Mugumu atafikaje uwanjani?

UWANJA UPO JIRANI, NJIA IPO MBALI

Uwanja unaojengwa kata ya Olmoti jijini Arusha utachukua watu 30,000. Kwenye ramani, Arusha ni jirani kabisa na Mara. Wilaya ya Serengeti na Mkoa wa Arusha zinatenganishwa na hifadhi tu. Ukiweka rula kwenye karatasi, shabiki wa Mugumu yupo karibu na Olmoti kuliko shabiki wa Mwanza, Tabora au Kigoma.

Sasa toka kwenye karatasi ingia stendi. Njia ya kwanza ni kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa Serengeti, uingie lango la Ikoma, upite Seronera na Naabi, uvuke Ngorongoro, ushuke Karatu, Makuyuni hadi Arusha. Kutoka Mugumu hiyo ni karibu kilomita 400. Mabasi yanapita huko na watu wamezoea. Ila sehemu kubwa ya njia hiyo ni vumbi, mwendo ndani ya hifadhi umewekewa kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na abiria analipa kiingilio cha hifadhi juu ya nauli.

Njia ya pili ni lami mwanzo mwisho. Unashuka na barabara ya Sirari kwenda Mwanza hadi Lamadi, unakata Bariadi na Maswa, unatokea Shinyanga, kisha Nzega, Singida, Babati na Arusha. Kwa mtu anayeanzia Tarime hiyo inakaribia kilomita 1,000. Yaani ili usikanyage vumbi na usilipe kiingilio, unazunguka zaidi ya mara mbili.

Halafu kuna kichekesho chenyewe. Nairobi nako kunajengwa uwanja wa Talanta wa watu 60,000 kwa ajili ya michuano hiyohiyo. Kutoka Sirari unavuka mpaka, unapita Migori, Kisii na Narok, lami tupu, takribani kilomita 400. Kwa hesabu ya barabara, mkazi wa Tarime ataona AFCON kirahisi Kenya kuliko Tanzania. Hakuna ubaya kuvuka mpaka, ndugu wapo pande zote mbili. Lakini kama mwenyeji wa mashindano lazima ashike paspoti au hati ya dharura ndipo aone mashindano yaliyoletwa nchini kwake, basi kuna kitu hakijakaa sawa.

SIO LAMI YA HIFADHINI

Kila hoja hii ikitajwa, kuna mtu anasema dawa ni moja, wapige lami katikati ya Serengeti. Hapana. Jambo hilo lilishafika mahakamani. Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Serikali kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa hifadhi, eneo ambalo nyumbu wanahama. Serengeti ipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na utalii ndio unaowalisha watu wengi wa Mugumu na Fort Ikoma. Huwezi kuua ng'ombe kwa sababu unataka maziwa ya siku moja.

Kwa hiyo tuongee yanayowezekana. Kinachowezekana ni ratiba, vibali na kipande cha barabara kilichopo nje ya hifadhi.

Tuanze na kipande hicho. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo ina urefu wa kilomita 87 na ipo kwenye mpango wa TANROADS wa kuiwekea lami kwa awamu. Hii ndiyo inayounganisha wilaya hizi mbili. Ikikamilika yote, shabiki wa Sirari, Tarime mjini, Nyamwaga na Nyamongo anafika Mugumu asubuhi akiwa na nguvu zake, tayari kuunganisha basi la Arusha. Isipokamilika, mvua za masika zikipiga, mtu wa Tarime atalazimika kushuka hadi njia ya Musoma ndipo apande tena kwenda Mugumu. Na barabara hii haisubiri mpira peke yake. Ndizi na mahindi ya Tarime, wafanyakazi wa mgodi wa North Mara, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, wote wanapita humohumo. AFCON itaondoka baada ya mwezi mmoja, wao wataendelea kuitumia.

SAA YA MECHI NDIYO TIKETI

Jambo la pili watu hawalifikirii, nalo ni saa ya mechi.

Magari hayaruhusiwi kuzurura hifadhini usiku. Malango yanafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na sheria hiyo ipo kwa usalama wa watu na wanyama. Chukua mfano wa basi linalotoka Mugumu alfajiri na kuingia lango la Ikoma likifunguliwa tu. Likienda vizuri, linafika Arusha alasiri. Kama mechi ni saa 10:00 jioni, shabiki huyo amechelewa, ilibidi asafiri siku moja kabla na alale. Kama mechi ni saa 1:00 au saa 2:00 usiku, anawahi.

Kurudi ni kinyume chake. Mechi ikiisha usiku, basi linaweza kuondoka Arusha, likapumzika Karatu, likasubiri lango la Ngorongoro lifunguliwe asubuhi na mchana abiria wakawa Mugumu. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku nchini, hivyo kipande cha Arusha hadi Karatu hakina tatizo. Safari nzima inakuwa ya siku mbili bila kulipia nyumba ya wageni. Ratiba ikipangwa vibaya, safari hiyohiyo inakuwa ya siku tatu na vitanda viwili. Kwa kijana wa bodaboda anayeishi kwa hesabu ya siku, hiyo ndiyo tofauti ya kwenda na kuangalia kwenye kibanda umiza.

Saa za mechi anapanga CAF, hilo tunalijua. Lakini TFF na kamati ya ndani ya maandalizi wana nafasi ya kusema mapema kwamba uwanja huu una mashabiki wanaotoka ng'ambo ya hifadhi. Wasiposema wao, CAF hawawezi kujua kuna mtu anaitwa shabiki wa Mugumu.

TIKETI MOJA, MPIRA NA BASI

Wenzetu walishalifanya jambo hili. Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani, tiketi ya mechi ilikuwa pia tiketi ya usafiri wa umma wa mji husika siku hiyo. Ukiwa nayo unapanda treni au basi bure, huhangaiki na chenji wala gari la kuegesha. Afrika Kusini ilipoelekea 2010, Johannesburg ilianzisha mabasi ya Rea Vaya mwaka mmoja kabla, na njia yake ikapita Soweto jirani na uwanja mkubwa. Kombe lilipoisha, mabasi yakabaki na wananchi.

Sisi hatuhitaji treni ya Ujerumani. Tunahitaji kitu kidogo. Mtu akinunua tiketi ya mechi ya Arusha kwa simu, apewe nafasi ya kununua hapohapo kiti cha basi kutoka Tarime au Mugumu, na kiingilio cha kupita hifadhini kiwe kimeshahesabiwa humo kwa bei ya msafiri, sio ya mtalii. Mamlaka zipo. LATRA ndiyo inayotoa leseni za mabasi na inaweza kutoa vibali vya muda kwa njia hiyo. TANAPA inasimamia Serengeti, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro inasimamia upande wa pili. Mabasi yakienda kwa msafara mchana, yakiwa na orodha ya abiria inayojulikana langoni, askari wa hifadhi watapata kazi nyepesi kuliko kufukuzana na Noah moja moja zilizojaza watu.

Kuna watakaosema hifadhi zitapoteza mapato. Kiukweli zitapoteza nini? Shabiki huyo bila nafuu hiyo hapiti kabisa, anabaki Tarime. Nusu ya hela inayoingia ni bora kuliko hela kamili ambayo haipo.

HATARI IPO WAKATI WA KUTOKA

Tuwe wakweli pia kwa upande wa Arusha. Kufika mjini sio kufika uwanjani.

Hesabu ni nyepesi. Watu 30,000, nusu yao wakija kwa mabasi ya watu 60, hayo ni mabasi 250. Kuingia sio tatizo kubwa, watu huja kidogokidogo kuanzia mchana. Tatizo ni kipyenga cha mwisho. Watu walioingia kwa saa nne wanataka kutoka ndani ya saa moja, wakati mmoja, kwa barabara moja.

Waulize mashabiki wa Simba na Yanga. Uwanja wa Mkapa umebeba watu 60,000 tangu 2007, na kwa miaka yote hiyo, ngoma nzito imekuwa kutoka, wala sio kuingia. Barabara ya Mandela inajaa, ya Kilwa inajaa, watu wanatembea Chang'ombe na Keko hadi usiku. Mradi wa mwendokasi wa Mbagala, kilomita 20.3 kupitia Barabara ya Kilwa, umejengwa zaidi ya miaka kumi baada ya uwanja. Arusha isirudie kosa hilo la kutanguliza viti na kusahau njia.

Na msongamano sio kero tu, unaua. Machi 21, 2021, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli. Januari 24, 2022, watu wanane walikufa kwenye lango la Uwanja wa Olembe, Cameroon, katikati ya AFCON. Na kwenye CHAN ya Agosti 2025, CAF iliibana Kenya kwa kupunguza idadi ya mashabiki Kasarani baada ya watu kuvamia bila tiketi. Ukiyatazama matukio yote hayo, hakuna lililotokea kwenye nyasi. Yalitokea langoni, pale umati unapokutana na njia nyembamba.

Arusha ina bahati moja, nayo ni barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4. Mabasi ya Mara, yanayoingia kwa upande wa Makuyuni, yanaweza kupokelewa Kisongo bila kuingia katikati ya jiji. Kikitengwa kituo cha mabasi ya mikoani upande huo, na magari madogo yakapeleka watu uwanjani kwa zamu, abiria wa Mugumu hatagombania barabara na mtu wa Njiro. Ila eneo hilo litengwe sasa, wakati ardhi bado ipo, sio wiki moja kabla ya mechi ya ufunguzi.

MARA INAPATA NINI?

Sio kwamba Tarime na Serengeti wanaomba msaada. Wana cha kuuza. Mgeni anayetoka mechi ya Nairobi kwenda ya Arusha, wengi watapita Namanga kwa sababu ni karibu. Lakini mwenye siku mbili za mapumziko, anayetaka kuona nyumbu kabla ya mechi inayofuata, anaweza kuingia Sirari, akala Tarime, akalala Mugumu, akapita Serengeti na kutokea Arusha. Njia hiyohiyo ya shabiki wa Nyamongo ndiyo njia ya mgeni mwenye dola. Ukiitengeneza kwa mmoja umeitengeneza kwa wote.

Kwa hiyo wabunge na madiwani wa wilaya hizi mbili wana kazi ya kufanya kabla ya kuanza kugawa jezi za Taifa Stars. Waulize kilomita 87 za Tarime hadi Mugumu zitaisha lini. Waulize LATRA na hifadhi zote mbili kama zimeshakaa meza moja kuzungumza mabasi ya mashabiki. Waulize TFF kama saa ya mechi imezingatia malango. Ni maswali matatu, na majibu yake yote yanatafutwa ofisini kabla mpira haujawekwa katikati.

Biashara United ilishinda 2-0 na bado ikatolewa kwa sababu safari haikupangwa. Mashabiki wake wasitolewe kwa sababu ileile.