Amepona, Lakini Msimnyang'anye Dawa



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita tulimwona tena kanisani ndugu yetu mmoja wa upande wa Muleba, ambaye kwa miaka miwili hatukumwona. Amenenepa kidogo. Baada ya Misa wengi walimpongeza kwa muujiza, na mmoja akamshauri aache vidonge, maadamu alikwisha kupakwa Mafuta Matakatifu. Hapo ndipo tulipoona yatupasa kuandika.

Ugonjwa wake huitwa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Utumbo huvimba na kupata vidonda, na mgonjwa huharisha na kukonda. Kwetu ni nadra, tena hufanana mno na kifua kikuu cha utumbo. Hapo madaktari hawana budi kupambanua kwa makini, kwani dawa ya kutuliza kinga ya mwili yaweza kukichochea kifua kikuu. Ndugu yetu alitibiwa amiba, kisha taifodi, hadi alipofika Bugando, Mwanza, akaingizwa mpira wenye kamera na kipande cha utumbo kikachunguzwa.

Lakini kilichomwumiza zaidi, asema mwenyewe, si utumbo. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Wazee wanakumbuka ulivyoitwa Juliana. Tangu hapo, mtu akikonda na kuharisha, sisi tumekwisha kumhukumu. (Kana kwamba mwenye UKIMWI alistahili kutengwa!) Tunaungama: uvumi ulipopita jumuiyani, nasi tulinyamaza. Tulimpelekea sakramenti, hatukumpelekea utetezi.

Basi tusikosee mara ya pili. Ugonjwa huu hutulia, hauondoki kabisa. Dawa zikiachwa, waweza kurudi na kuuziba utumbo ama kuutoboa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, amheshimu tabibu na dawa pamoja na sala, wala hatuchagulishi kimojawapo. Mpako wa Wagonjwa haujawahi kuwa amri ya kutupa vidonge, na padre asemaye hivyo apotosha.

Jumamosi hii jumuiya yake inamwandalia chakula cha shukrani. Akiacha maharage sahanini na kula ndizi tupu, au akikataa rubisi, mama wa nyumba asinune. Na akiinuka ghafla kuelekea uani, mazungumzo yaendelee.