Kidhibiti Mwendo Hakina Macho

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaijua barabara ya Embu hadi Meru kama njia ya jikoni. Ukishapita Chuka ukielekea Meru, unafika Daraja la Nithi, penye mteremko na kona kali. Hapo ndipo tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia mtoni, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Muhula uliopita, gari nililopanda liliteremka papo hapo likiwa limetolewa gia, eti kuokoa mafuta. Shosho mmoja akasema, "Kijana wangu, weka gia." Makanga akacheka, "Shosho tulia, gari iko na kidhibiti!" Sisi wengine tukanyamaza jii. Hata mimi.

Je, makanga alisema kweli? La hasha! Vidhibiti mwendo vililetwa na sheria za Waziri John Michuki, zilizoanza Februari 2004, ili gari la abiria lisipite kilomita 80 kwa saa. Kazi ya kifaa hicho ni kuibania injini isizidishe mwendo. Lakini mteremkoni kinachosukuma gari ni uzito wake lenyewe, wala si injini. Hapo kidhibiti hakina la kufanya. Breki nazo zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto kwa sababu ya msuguano, kama tunavyofunzwa katika fizikia, na nguvu zake hupungua. Dawa ni kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, ili injini iyashike magurudumu.

Sisemi vidhibiti vitolewe, hapana. Ninachosema ni kwamba mtu akiiamini mashine kupita kiasi, anaacha kufikiri. Dereva afunzwe kifaa chake kinaweza nini na hakiwezi nini. Kona anaiona yeye, kifaa hakiioni.

Na sisi abiria je? Tumefunga mikanda, tukafunga na midomo. Shosho yule hakusoma fizikia, lakini alisema. Mimi niliyesoma niliogopa kuchekwa. Siku nyingine akisema, hatasema peke yake. Wewe pia, mwanafunzi mwenzangu, usingoje breki zikatae ndipo upige kamsa. Mwenye macho haambiwi tazama.