Mwacheni Stålenhag na Volvo Zake

Wanaomsifu Simon Stålenhag kwa sababu ya roboti hawajakitazama kitabu chake vizuri. Roboti kila mtu anachora. Fungua Ur varselklotet, kilichotoka Sweden mwaka 2014 na kujulikana kwingineko kama Tales from the Loop: visiwa vya Mälaröarna vya miaka ya 1980, theluji inageuka tope, Volvo imeegeshwa, mtoto kavaa koti zito. Nyuma yao limesimama limtambo lililoshika kutu, na mtoto wala hashangai. Kwake ni kama nguzo ya umeme tu. Mvuto wote uko hapo.

Ndiyo maana filamu ya The Electric State, ya mwaka 2025, iliniudhi. Kitabuni, msichana na roboti mdogo wanakatiza Marekani iliyochakaa, kimya kimya. Filamu ikawatwisha vichekesho na vita. Eti watazamaji wangechoka! Nani kasema? Vitabu vya namna hii tunavinunua (na kwa mwanafunzi bei yake inauma) ili tukae na ukurasa mmoja dakika kumi nzima, bila mtu kutuharakisha.